Mzazi Ajue Habari za Shule ya Mtoto Wake

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, njia za Kenya hujaa watoto waendao shule. Wengine hutembea makundi makundi kando ya mashamba ya majani chai, wengine huvuka barabara kuu wakishikana mikono, na wengine hupakiwa watatu watatu juu ya pikipiki. Mzazi humtazama mwanawe mpaka apite kona, kisha hushika jembe lake, au hupanda matatu kwenda kazini. Tangu saa hiyo mpaka jioni mtoto yu mikononi mwa watu wengine.

Ni jambo la kustaajabisha ya kuwa mtu asiyeweza kumwachia jirani ng'ombe wake wa maziwa hata kwa siku mbili, bila kuuliza atalishwa nini na atalala wapi, aweza kumwacha mtoto wake mikononi mwa shule mwaka mzima bila kuuliza neno. Wala si kwamba hampendi mtoto. Hudhani tu ya kuwa shule ina wenyewe, na ya kuwa kama kuna jambo kubwa ataambiwa. Lakini mambo mengi yaliyoleta msiba yalianza kwa jambo dogo ambalo mtu mmoja alilijua na mwingine hakuambiwa.

BARUA ILIYOBAKI MKOBANI

Chukua mfano ambao kila mwalimu mkuu anaufahamu. Siku ya Jumatatu shule yaandika barua kwa wazazi: siku ya Alhamisi masomo yatakwisha saa sita mchana kwa sababu ya mkutano wa walimu. Barua inapigwa chapa, na kila mtoto anapewa nakala yake apeleke nyumbani. Mtoto wa gredi ya 2 anaitia mkobani, katikati ya vitabu. Njiani mvua inanyesha, na karatasi inagandamana na daftari. Jioni mama yu jikoni, na baba, ambaye ni karani mjini, atarudi mwisho wa mwezi. Hakuna aliyefungua mkoba.

Alhamisi inafika. Saa sita mtoto anatoka shuleni na kukuta nyumba imefungwa, maana mama yuko shambani hata jioni. Anafuatana na wenzake kwenda mtoni kuogelea, na mto umejaa kwa mvua za Aprili. Siku nyingine atarudi salama, na hakuna atakayejua ya kuwa hatari ilimpita karibu. Siku nyingine hatarudi.

Katika mfano huo hakuna mtu mwovu. Shule iliandika barua, mtoto aliibeba, na mama alikuwa kazini kwa ajili ya mtoto huyo huyo. Kosa ni moja tu: habari ilitumwa, lakini hakuna aliyehakikisha ya kuwa imefika. Kutuma habari ni kazi moja, na kuifikisha ni nyingine.

Dawa yake si ghali. Shule nyingi hutumia daftari dogo la kila mtoto, ambamo mwalimu huandika neno lake, na mzazi hutia sahihi yake asubuhi ya pili. Mwalimu anapofungua madaftari hayo huona mara moja ni nani hakupata habari, naye aweza kumpigia simu au kumpelekea ujumbe kwa mkono wa jirani. Kwa mzazi asiyesoma, mtoto mkubwa wa nyumba husoma na mzazi huweka alama yake. Tena habari kubwa haifai kutegemea njia moja tu. Yafaa itangazwe katika mkutano wa wazazi, kanisani na msikitini, katika baraza la chifu, na kwa ujumbe wa simu. Na iandikwe kwa lugha ambayo wazazi wa mahali pale wanaielewa, maana barua nzuri ya Kiingereza haimsaidii bibi anayelea wajukuu wake kijijini.

ZAMANI WAZAZI WALIJENGA SHULE KWA MIKONO YAO

Katika nchi hii wazazi hawakuwa wageni wa shule. Katika miaka ya 1930 wazazi wa nchi ya Wakikuyu walijenga shule zao wenyewe, nje ya zile za misheni, wakatoa mbao, mabati na fedha za kuwalipa walimu. Mwaka 1939 chuo cha walimu kilifunguliwa Githunguri kwa juhudi za namna hiyo hiyo. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mwito wa Harambee uliinua shule nyingi katika kila upande wa Kenya. Wanawake walibeba mawe na maji, wanaume walichimba misingi, na makarani waliokuwa mijini walituma michango yao nyumbani.

Mzazi aliyebeba jiwe la ukuta aliujua ukuta ule. Alijua mlango uko wapi, na paa limepigwa misumari na nani. Alimjua mwalimu kwa jina la babaye. Haikuwa lazima aandikiwe barua, kwani habari za shule zilikuwa habari za kijiji.

Januari mwaka 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Lilikuwa jambo la baraka kubwa. Idadi ya watoto shuleni ilipanda kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 katika mwaka ule mmoja, na watoto wa maskini waliokuwa wakichunga mbuzi waliingia darasani. Lakini baraka hiyo ilikuja na upungufu wake. Darasa lililokuwa na watoto 40 lilipata 80 au zaidi, na mwalimu hakuweza tena kumjua kila mzazi kwa uso. Nao baadhi ya wazazi waliona ya kuwa, kwa kuwa hawalipi karo, shule si yao tena bali ni ya Serikali. Uzi uliowaunganisha ukalegea pande zote mbili.

Uzi huo hauna budi kufungwa upya, na sheria yenyewe imeonyesha namna ya kuufunga.

MZAZI ANA KITI CHAKE KWA SHERIA

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaagiza ya kuwa kila shule ya umma iwe na Chama cha Wazazi. Kila mzazi mwenye mtoto katika shule ni mwanachama, bila kuomba wala kuchaguliwa. Wazazi wa kila darasa huchagua mwakilishi wao. Miongoni mwa kazi za chama hicho ni kuangalia malezi, chakula na afya ya watoto, na kudumisha maelewano mema baina ya walimu na wazazi. Kadhalika halmashauri inayosimamia shule ina watu sita waliochaguliwa kuwa wajumbe wa wazazi.

Basi mzazi anapokwenda shuleni kuuliza habari, haendi kama mwombaji. Anakwenda kama mwenye haki. Lakini haki isiyotumiwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani: haliivishi mahindi. Katika shule nyingi mkutano wa mwaka huhudhuriwa na akina mama wachache, na akina baba huonekana siku ya kutoa zawadi tu. Mwakilishi wa darasa huchaguliwa kwa haraka, na baada ya hapo wazazi wenzake hawajui hata jina lake.

Yafaa kila mzazi ajue majibu ya maswali haya machache: Mwakilishi wa wazazi wa darasa la mwanangu ni nani, na anapatikana wapi? Mwalimu wa darasa ni nani? Mtoto akiugua shuleni, nani ataniarifu, na shule ina nambari gani ya simu yangu? Wengi walibadilisha nambari miaka mitatu iliyopita, na katika kitabu cha shule bado imeandikwa ile ya zamani. Mwalimu akipiga simu siku ya shida huambiwa ya kuwa mteja hapatikani.

Kwa upande wake mwalimu mkuu asiwaite wazazi siku za michango tu. Mzazi anayesikia jina lake siku ya kudaiwa fedha peke yake huanza kuiogopa barua ya shule kabla hajaifungua. Barua moja kila muhula yenye habari njema, yaani tarehe za kufungua na kufunga, majina ya walimu wapya, kazi za watoto na mambo ya kuangaliwa nyumbani, hufanya kazi kubwa kuliko mikutano kumi ya kulaumiana. Na haja hiyo imezidi tangu mtaala mpya ulipoanza kuingizwa shuleni, maana mtihani wa zamani wa mwisho wa darasa la 8, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Wazazi waliosoma kwa utaratibu ule wa kwanza huona vigumu kuufahamu huu wa pili wasipoelezwa.

NJIANI

Hatari ya kwanza ya mtoto wa shule haiko shuleni. Iko baina ya nyumba na shule. Mahali hapo katikati hapana mwenyewe: mzazi husema mtoto amekwisha kwenda shule, na mwalimu husema hajafika bado.

Yapasa mzazi aitembee njia ya mtoto wake angalau mara moja mwanzoni mwa kila mwaka, kwa mwendo wa mtoto na saa ya mtoto. Ataona mambo asiyoyaona akiwa ndani ya matatu. Ataona kona ambapo magari hutokea ghafula, daraja lisilo na kizuizi, shimo la machimbo lililojaa maji, na mbwa wasiofungwa. Kisha amwonyeshe mtoto njia moja ya kufuata, ili siku asipofika, watu wajue pa kuanzia kumtafuta.

Kanuni za barabarani ni chache, na mtoto wa miaka sita aweza kuzishika. Pasipo na njia ya miguu, atembee upande wa kulia wa barabara, ili magari ya upande wake ayaone yakimjia uso kwa uso, wala yasimjie kwa nyuma. Kabla ya kuvuka asimame, atazame kulia, kushoto, na kulia tena, asikilize, ndipo avuke kwa kutembea, wala si kwa kukimbia. Asivuke mbele ya gari lililosimama kumteremsha, bali angoje liondoke kwanza. Wadogo wavushwe na wakubwa.

Habari ya pikipiki yataka ukali zaidi. Mwenye bodaboda hulipwa kwa safari, na mzazi hutaka kupunguza gharama. Kwa hiyo watoto watatu au wanne hupakiwa pamoja bila kofia ya chuma. Shilingi chache zilizookolewa kwa mwezi haziwezi kununua mguu wa mtoto. Mzazi anayemtumia mwendesha pikipiki na amjue kwa jina, nambari ya pikipiki na mahali anapokaa, na shule iwe na habari hizo pia.

Tena shule na iwe na orodha ya watu walioruhusiwa kumchukua kila mtoto mdogo. Mtu akija akisema, "Nimetumwa na mama yake," askari wa lango asimtoe mtoto mpaka jina lionekane katika orodha, hata kama mgeni ni mtu wa heshima na amevaa vizuri. Mzazi mwenye busara hatakasirika akizuiwa mlangoni siku aliyosahau kuandikisha jina la mjomba. Atashukuru.

MLANGO, NGAZI NA HESABU YA WATOTO

Tarehe 3 Februari 2020, jioni baada ya masomo, watoto wa shule ya msingi mjini Kakamega walikuwa wakishuka ngazi za jengo la ghorofa. Msongamano ukatokea, watoto wakaangukiana, na 14 kati yao wakafa. Hapakuwa na moto wala jengo kuanguka. Zilikuwa ngazi tu, na watoto wengi kwa wakati mmoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Septemba 2024, moto uliwaka katika bweni la wavulana huko Endarasha, Kaunti ya Nyeri. Wavulana 21 walipoteza maisha. Katika msiba huo palikuwa na mateso ya pili, nayo yanahusu habari. Kwa muda mrefu haikujulikana ni watoto wangapi waliopotea, kwa sababu wengine walikuwa wamechukuliwa na wazazi wao usiku ule, na wengine walihifadhiwa katika nyumba za majirani. Wazazi walisimama langoni wakingoja, na hakuna aliyeweza kuwaambia kama wana wao wako hai.

Kanuni za usalama wa shule zilikuwako zamani. Wizara ya Elimu ilitoa kitabu chake cha usalama mwaka 2008. Kitabu hicho chaagiza ya kuwa milango ya bweni iwe na upana wa futi 5 au zaidi, ifunguke kwa nje, na isifungwe kamwe kwa nje wakati watoto wamo ndani. Madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia. Uwepo mlango katika kila ncha ya bweni na mwingine wa dharura katikati. Baina ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2.

Mambo hayo hayahitaji mhandisi kuyaona. Mkulima aliyejenga zizi la ng'ombe aweza kuusukuma mlango ajue kama unafunguka kwa nje au kwa ndani. Karani ajuaye kuhesabu aweza kuhesabu vitanda. Siku ya wazazi, badala ya kukaa chini ya hema kusikiliza hotuba tangu asubuhi hata alasiri, wazazi na watembee. Waingie bweni. Wapande ngazi, waulize darasa lipi hushuka kwanza kengele ikilia, na nani husimama katikati ya ngazi kuwaongoza wadogo. Wauulize ufunguo wa lango la usiku huwekwa wapi. Watazame vyoo na vifuniko vya mashimo. Waulize ni lini watoto walifanya zoezi la kutoka nje upesi, na walikusanyika wapi.

Na kuhusu hesabu: mwalimu ahesabu watoto asubuhi, baada ya chakula, na kabla ya kulala ikiwa ni shule ya bweni, na hesabu iandikwe. Mzazi anayefika wakati wa ghasia asimchukue mtoto wake kimya kimya akaenda naye. Na atie sahihi, au angalau amwambie mwalimu mmoja, "Huyu nimemchukua." Neno hilo fupi laweza kuwaokoa watu wasiingie tena motoni kumtafuta mtoto ambaye tayari amelala kwao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

FIMBO, NA MAMBO YASIYOSEMWA

Wazee wengi wa leo walipigwa shuleni, nao husema ya kuwa fimbo iliwafanya watu. Yafaa wajue ya kuwa sheria imebadilika. Adhabu ya viboko ilikomeshwa katika shule za Kenya mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilitia nguvu zaidi, ikasema ya kuwa mtu anayempiga mwanafunzi au kumtesa moyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Hata hivyo fimbo haijatoweka mahali pote, na baadhi ya wazazi wenyewe huwaambia walimu, "Mpige, usiniachie mjinga." Mzazi asemaye hivyo amefunga mlango ambao mtoto angeupitia kumletea habari. Maana akiumizwa kupita kiasi, atasema nini nyumbani? Babaye alikwisha toa ruhusa.

Kuna jambo lililo baya kuliko fimbo, nalo ni mtu mzima kumharibu mtoto. Watu wa heshima hawapendi kulitaja, na ukimya huo ndio unaomsaidia mwovu. Mwaka 2010 Tume ya Kuajiri Walimu ilitoa waraka uliowataka walimu watoe taarifa ya jambo la namna hiyo katika muda wa saa 24 tangu walijue, na kuonya ya kuwa anayeficha naye ataadhibiwa. Basi mambo hayo hayamalizwi kwa mbuzi chini ya mti, wala kwa wazee wa pande mbili kukubaliana ili jina la ukoo lisichafuke. Ni ya polisi na mahakama, na mtoto apelekwe hospitali siku ile ile, kabla hajaoshwa.

Mtoto mara nyingi hasemi kwa mdomo. Husema kwa mwendo wake. Aliyependa shule huanza kuugua tumbo kila Jumatatu. Aliyekuwa mchangamfu hunyamaza. Anayelala vizuri huanza kukojoa kitandani. Mzazi akiona hivyo asimkaripie. Na akae naye mahali pa faragha, amuulize pole pole, amsikilize bila kumkata maneno, wala asimwambie, "Mwalimu hawezi kufanya hivyo." Nambari ya simu 116 ni ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo usiku na mchana, na mtu yeyote aweza kuitumia, mtoto au mkubwa. Yafaa iandikwe kwa chaki penye mlango wa darasa, na kwa kalamu ndani ya jalada la daftari la kila mtoto.

NYUMBANI NAKO KUNA HABARI

Mpaka hapa imesemwa zaidi habari itokayo shuleni. Lakini mwalimu naye hawezi kujua asiloambiwa. Mtoto mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa selimundu aweza kuanguka darasani, na mwalimu asijue la kufanya kwa sababu mzazi aliona haya kusema. Si aibu mtoto kuwa mgonjwa. Mwalimu na aambiwe ugonjwa, dawa, na nini cha kufanya kabla ya kumfikisha hospitali. Vivyo hivyo aambiwe kama kuna kifo katika nyumba, au kama mama na baba wameachana na mtoto sasa anakaa kwa nyanya yake. Mtoto anayelia kwa ajili ya hesabu pengine halilii hesabu.

Katika mambo ya afya, habari ikikosekana uvumi hukaa mahali pake. Mwaka 2019 Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 ili kuwakinga na kansa ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaoua wanawake wengi wa nchi hii. Mahali ambapo mwuguzi na mwalimu waliwaita wazazi mapema wakawaeleza, wengi walikubali. Mahali ambapo mzazi alisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa jirani aliyeogopa, aliwaficha binti zake. Lawama si ya jirani peke yake.

SIMU NI CHOMBO, SI MWALIMU

Siku hizi wazazi wa darasa moja huunganishwa katika kundi la simu, na habari moja huwafikia watu 60 kwa nukta moja. Ni msaada mkubwa, hasa kwa baba aliye mbali. Faida yake ilionekana mwaka 2024, wakati wa mafuriko makubwa. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili kwa muhula wa pili. Zikaahirishwa mlangoni mwa siku yenyewe, zikaahirishwa tena, na mwishowe zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Waliopata habari mapema walibaki na watoto wao nyumbani. Waliochelewa kuipata walikuwa wamekwisha kutoa nauli na kuianza safari katika mvua.

Lakini njia inayopitisha kweli kwa upesi hupitisha na uongo kwa upesi ule ule. Mtu mmoja akiandika ya kuwa gari jeusi linaiba watoto, kabla ya adhuhuri mtaa mzima huwa mbioni, na mgeni asiye na hatia aweza kupigwa. Kwa hiyo yafaa kila shule iwe na mtu mmoja aliyewekwa kutoa habari, na wazazi wakubaliane ya kuwa habari isiyotoka kwake haijathibitishwa. Kundi hilo lisiwe mahali pa siasa, biashara, wala kumsema mtoto wa mwenzio kwa jina. Jambo la mtoto mmoja lizungumzwe na wazazi wake peke yao.

Na picha za watoto zisitupwe ovyo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Picha ionyeshayo sare ya shule, jina la mtoto na njia anayopita humweleza mwizi mambo yote ambayo angepaswa kuyatafuta.

DAKIKA KUMI ZA JIONI

Hakuna sheria, kitabu wala simu inayoweza kuchukua mahali pa mazungumzo ya jioni. Mtoto akirudi, kabla ya taa kuzimwa, mzazi na aufungue mkoba mwenyewe. Atazame daftari, atie sahihi. Kisha amuulize mtoto mambo ambayo hayajibiwi kwa neno "vizuri" tu: Leo ulicheza na nani? Mlikula nini? Nani hakuja shule? Mlirudi kwa njia gani? Kuna jambo lililokuogopesha? Baba aliye mjini na aulize maswali hayo hayo kwa simu, na pesa za simu zisiishie kwenye habari za mahindi na za mkopo.

Dakika kumi zatosha. Mtoto anayezoea kuulizwa habari ndogo kila siku, siku akiwa na habari kubwa atajua pa kuipeleka. Asiyeulizwa chochote hujifunza ya kuwa mambo yake hayana msikilizaji, naye huyaweka moyoni mpaka yamzidi nguvu.

Muhula ukifunguliwa, kila mzazi aweza kuanza kwa mambo matatu yasiyogharimu chochote: aende shuleni kusahihisha nambari yake ya simu katika kitabu, aitembee njia ya mtoto wake, na ausukume mlango wa darasa aone kama unafunguka kwa nje. Akiona haufunguki, asirudi nyumbani kunung'unika. Na amtafute mwakilishi wa darasa, waende pamoja kwa mwalimu mkuu, maana kidole kimoja hakivunji chawa.